Wanaelewa kifungu cha Kiingereza vizuri, lakini alama za ufahamu na fasihi hazipandi. Wafanye mazoezi vipi?

mlezi_kidato aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaofundisha au kusahihisha Kiingereza cha sekondari.

Nasimamia kikundi cha wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa mwisho. Kila wiki wanafanya karatasi moja ya miaka iliyopita: kifungu cha ufahamu, muhtasari, shairi, na dondoo la riwaya au tamthilia. Ukiwauliza kwa mdomo kifungu kinahusu nini, wanakueleza bila wasiwasi. Wakishika kalamu, alama haziondoki kwenye 9 hadi 11 kati ya 20. Fasihi ndiyo balaa zaidi: mtu anajaza ukurasa mzima, anaambulia 3 kati ya 8.

Ninachotaka kujua: waanze kusoma maswali au kifungu? Swali linalosema "in your own words" linajibiwaje bila kuharibu maana? Muhtasari wao unazidi idadi ya maneno kila mara, tatizo liko wapi? Kwenye fasihi, utamzuiaje mtu asisimulie hadithi nzima? Na je, niwaongezee karatasi ziwe mbili au tatu kwa wiki?

KalamuNyekundu alijibu:

Mkuu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu limebeba hayo mengine. Usiongeze karatasi, punguza. Karatasi moja kwa wiki mbili inatosha, ili mradi isahihishwe mpaka kila alama iliyopotea ijulikane imepotelea wapi. Karatasi ya zamani inapima tu. Mwanafunzi akifanya kumi mfululizo bila kuzirudia, anachojifunza ni kurudia makosa yale yale kwa kasi zaidi.

Siku ya kwanza wafanye kwa saa, bila kamusi. Kesho yake kila mmoja asahihishe kazi yake mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine, mwongozo wa usahihishaji ukiwa mezani. Pembeni ya kila alama iliyopotea aandike herufi moja inayotaja sababu. Herufi tano zinatosha: S, hakusoma swali (ameulizwa "how" akajibu "why"), N, amenakili maneno ya kifungu mahali alipotakiwa kutumia yake, U, ametoa hoja bila ushahidi, M, msamiati, L, kosa la lugha, yaani sarufi au tahajia. Baada ya karatasi mbili jumlisha. Mara nyingi utakuta herufi moja au mbili ndizo zimekula alama nyingi, na kila mwanafunzi ana zake. Hapo ndipo unapojua nani apewe zoezi gani. Zikipita wiki mbili, arudie yale maswali aliyokosa tu, bila kuangalia majibu ya mwanzo.

Wanafunzi wa aina yako, wanaoeleza vizuri kwa mdomo wakakwama kwenye maandishi, kwa kawaida wanaumizwa na S na U. Sababu ni kwamba mkizungumza wewe unawauliza "kwa nini unasema hivyo?", nao wanaongeza. Karatasi haiulizi mara ya pili. Wafundishe kujiuliza wenyewe swali hilo kabla ya kuweka nukta.

Kingine ni namba ya alama iliyo mwisho wa swali. Hiyo ni sehemu ya swali, isomwe kama maneno mengine. Alama 1 inataka hoja moja. Alama 2 zinataka hoja mbili, au hoja moja na ushahidi wake, na ni maneno ya swali ndiyo yanayokuambia ni ipi kati ya hizo: "Give two reasons" ni hoja mbili, "How do we know that..." ni hoja na ushahidi. Mtu anayeandika mistari mitano kwa alama 1 anaiba muda wa swali lijalo. Na akiombwa sababu mbili akaorodhesha nne akitumaini mtahini atachagua nzuri, kwa kawaida zinasahihishwa mbili za kwanza tu. Bora achague mwenyewe.

Muda nao ugawe kwa alama. Karatasi ya saa 2 yenye alama 80: tenga dakika 10 za kupitia, zinabaki 110, kwa hiyo kila alama ina dakika 1 na sekunde 20 na kidogo. Kifungu cha alama 20 kinapata dakika 27 hivi, pamoja na kukisoma. Dakika hizo zikiisha, ahamie swali linalofuata na aache nafasi ya kurudi.

Sasa "in your own words". Kosa kubwa ni kudhani kila neno libadilishwe. Yanayobadilishwa ni maneno yaliyobeba jibu. Chukua sentensi hii:

*The villagers abandoned the well because its water had turned brackish.*

Swali: *Explain in your own words why the villagers stopped using the well.* (1)

Angalia swali lenyewe. Limeshakupa "stopped using" badala ya "abandoned", kwa hiyo neno hilo halina alama tena. "Well" na "water" ni maneno ya kawaida, yaache yalivyo. Alama yote imekaa kwenye "turned brackish". Anayeandika "because its water had become brackish" amebadilisha neno jepesi akaacha lile zito, hapati kitu. Anayeandika "because the water had become salty" amemaliza. Zoezi lake ni hili: mpe mwanafunzi sentensi kumi za namna hiyo, asijibu, apigie mstari tu neno lenye alama. Akishaweza kuliona, kulibadilisha si kazi ngumu.

Maswali ya kusoma mambo yasiyosemwa wazi kwenye kifungu ndiyo yanayotenganisha wanafunzi. Mfano mfupi:

*When the letter came, Neema read it twice, then folded it until it was no bigger than a thumbnail. "Good news?" her brother asked. "It is only paper," she said, and went out to feed the hens, though she had fed them an hour earlier.*

Swali: *How does Neema feel after reading the letter? Support your answer.* (2)

Jibu dhaifu: "She was sad because the letter had bad news." Kifungu hakijasema habari ilikuwa mbaya, mwanafunzi amejaza pengo kwa mawazo yake kisha akaligeuza kuwa ushahidi. Jibu lenye alama mbili: "She is troubled, for she goes out to feed hens she has already fed." Hoja moja, ushahidi mmoja, na ushahidi wenyewe unaweza kuuwekea kidole kwenye kifungu. Hicho ndicho kipimo: kama huwezi kuweka kidole mahali jibu lilipotoka, jibu hilo umelitoa kichwani.

msomaji_tuli alijibu:

Nakubaliana na KalamuNyekundu kuhusu kupunguza karatasi. Niongeze kwenye mpangilio wa kusoma na muhtasari.

Kuanza na maswali kuna madhara yake. Mwanafunzi akishasoma maswali kumi, anaingia kwenye kifungu akiwinda maneno. Akiona neno lililotajwa kwenye swali anasimama hapo na kunakili sentensi nzima, hata kama jibu liko aya mbili mbele. Maswali ya mtazamo wa mwandishi au toni ya kifungu yanamshinda kabisa, maana hakukisoma kama kitu kizima.

Utaratibu unaofaa: kwanza asome kifungu chote mara moja bila kusimama, hata akikutana na neno asilolijua. Akimaliza, aandike pembeni ya kila aya maneno matatu au manne ya kusema aya hiyo inafanya kazi gani: inaleta tatizo, inatoa mfano, inapinga. Kisha asome maswali yote na kupigia mstari neno la amri ("state", "explain", "contrast", "illustrate") pamoja na mpaka wa swali, kwa mfano "according to paragraph 3". Halafu arudi kusoma mara ya pili akiwa na penseli, safari hii kwa kutafuta. Maneno yale ya pembeni yanamwelekeza aya ya kwenda, hapotezi muda kusoma kila kitu upya. Kumbuka pia kwamba maswali ya ufahamu kwa kawaida yanafuata mtiririko wa kifungu. Jibu la swali la 4 likionekana kuwa nyuma ya jibu la swali la 2, kuna mahali pamekosewa, akague.

Neno la amri lipewe uzito. "State" ni kutaja, hakuna maelezo. "Explain" ni kutaja na kusema kwa nini au kwa vipi. "Contrast" ni tofauti, na tofauti ina pande mbili: ukiandika "the elder sister was careful" umeandika nusu, hujapata alama mpaka useme mdogo alikuwaje kwenye jambo hilo hilo.

Muhtasari. Wanafunzi wako wanazidisha maneno kwa sababu wanafupisha sentensi, wakati kinachotakiwa ni kuchagua hoja. Waanze na swali, wajiulize linataka nini hasa: faida? sababu? hatua? Kitu chochote nje ya hapo kiachwe, hata kama ni kizuri. Kisha wapigie mstari hoja ndani ya kifungu na kuzipa namba. Kama swali lina alama 6 za hoja na maneno 60, basi ni hoja sita, na kila moja ina bajeti ya maneno kumi. Ukiwa na hoja nne, rudi ukatafute. Ukiwa na tisa, umechanganya mifano na hoja.

Mfano. Swali linataka faida za miti:

*Not only do the trees hold the soil together with their roots, they also offer shade to animals, such as goats and cattle, during the hottest hours of the day.*

Hapo kuna maneno 30 na hoja mbili. Muhtasari wake: *Trees bind the soil and shade animals.* Maneno saba. Kilichoondoka ni mifano ("such as goats and cattle"), muda ("during the hottest hours") na mbwembwe za kuunganisha ("not only... also"). "With their roots" nayo imeondoka, kwa sababu swali limeuliza faida. Lingeuliza miti inazuiaje mmomonyoko, mizizi ingekuwa ndiyo jibu lenyewe na isingeguswa. Ndiyo maana huwezi kufanya muhtasari mzuri bila kulirudia swali kila baada ya hoja.

Waandike rasimu, wahesabu maneno, ndipo wanakili nakala safi na kukata rasimu kwa mstari mmoja. Wasihesabu kwa kukadiria mistari. Mpaka ukiwa maneno 60, mtahini kwa kawaida anaishia neno la 60, na hoja iliyokaa neno la 63 haipo. Hakuna kuanza na "In this passage the writer is telling us that". Hayo ni maneno tisa yasiyo na alama hata moja, karibu bajeti ya hoja nzima.

Ubaya mwingine ni kuorodhesha hoja kwa nukta au namba wakati wameombwa aya. Hoja zote zinaweza kuwepo na bado wakakatwa alama za mpangilio.

Mwl_Jioni alijibu:

Naomba nipinge kidogo. Kwa msomaji wa polepole sana, kusoma kifungu chote kabla ya kuona swali hata moja kunamla muda na kunamkatisha tamaa. Kwa huyo nashauri atupie jicho maswali kwa nusu dakika, asiyakariri, ajue tu kifungu kinazungumzia nini na kuna muhtasari au hapana. Halafu aingie kwenye utaratibu wa msomaji_tuli kama ulivyo. Kusoma kwa kuwinda kweli ni hatari, ila kusoma gizani nako kuna gharama yake.

Na kuna jambo la lugha lisisahaulike. Zipo karatasi zinazokata nusu alama kwa kosa la sarufi ndani ya jibu sahihi. Wazoeshe kufuata wakati wa swali. Swali likiuliza "Why did he refuse", jibu liwe katika wakati uliopita. Likiuliza "How does the writer present", jibu liwe katika wakati uliopo mpaka mwisho, wasichanganye. Majina ya wahusika na mahali yanakiliwe herufi kwa herufi kutoka kwenye kifungu. Kukosea jina lililoandikwa mbele ya macho yako ni uzembe unaogharimu.

mlezi_kidato aliandika:

Asanteni sana walimu wangu. Nimewapa kile kifungu cha Neema, nikaongeza swali: *Identify one character trait of Neema and illustrate it.* (2). Mmoja ameandika hivi:

*"Neema is sad. Neema received a letter and she read it two times and then she folded it and her brother asked her if it is good news and she said it is only paper and then she went to feed the hens."*

Naona amesimulia, lakini nikimwambia "usisimulie" ananiuliza "sasa niandike nini?" Nimjibu nini?

MizaniNaVina alijibu:

Ndugu, jibu hilo lina makosa mawili, na ni muhimu uyatenganishe kwa sababu dawa zake ni tofauti.

La kwanza, "sad" ni hisia, na swali limeomba sifa. Hisia inakuja na kuondoka kulingana na tukio. Sifa ni namna mtu alivyo. Mpe orodha ya maneno ishirini hivi, achambue yapi ni hisia na yapi ni sifa: "angry" na "hot-tempered", "afraid" na "cowardly", "happy" na "cheerful". Ajenge akiba ya sifa kama "secretive", "resolute", "gullible", "generous", "vindictive", "observant". Kuandika "good" au "bad" hakumpi alama, maana ni hukumu isiyosema chochote mahususi.

La pili ni usimuliaji. Kumwambia asisimulie hakusaidii mpaka umpe kitu cha kushika. Mpe kanuni hii: sifa kwanza, nukta mbili, kisha tendo moja, kauli moja, au vyote viwili, vya kuithibitisha, basi. *Neema is secretive: asked whether the letter brings good news, she says "It is only paper" and walks away.* Linganisha na lake. Matukio yale yale yapo, ila yamechaguliwa mawili tu, nayo yanatumikia neno "secretive". Kusoma barua mara mbili na kuikunja kumeachwa kwa sababu mtu asiye msiri naye angeweza kufanya hivyo.

Zoezi zuri: mwanafunzi achukue jibu lake la kusimulia, afute kila tendo ambalo mhusika mwenye sifa kinyume angeweza pia kulifanya. Kinachobaki ndicho ushahidi.

Nukuu ziwe fupi, maneno matatu hadi sita, zimefumwa ndani ya sentensi yake mwenyewe. Kunakili mistari minne ya tamthilia na kuiacha ijieleze ni kumwachia mtahini kazi yako. Nukuu haijielezi, wewe ndiye unayesema inaonyesha nini.

Maswali ya mbinu yana sehemu tatu: jina la mbinu, mfano kutoka kwenye dondoo, na athari yake hapo. Sehemu ya tatu ndiyo inayoharibiwa. "It makes the story interesting" haina alama, kwa sababu sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye kitabu chochote duniani. Akitaja "suspense" aseme tunangoja kujua nini: *we are not told what the letter says, so we read on to find out what Neema is hiding.* Bila kitu kinachongojwa hakuna taharuki, kuna jina tu.

Kwa dondoo la kitabu kilichosomwa darasani, karibu kila mara kuna swali la kilichotokea kabla na baada. Wanafunzi wanaanza sura tatu nyuma. Neno "immediately" lina maana yake: tukio lililogusana na mstari wa kwanza wa dondoo, na lile lililogusana na mstari wa mwisho. Ili wajizoeze, fungueni kitabu popote, chagueni mistari kumi na tano, kila mmoja aandike sentensi mbili za kabla na mbili za baada bila kufunua, kisha mfunue. Zoezi hili ni la dakika kumi na linafichua haraka nani amesoma kitabu na nani amesoma muhtasari wa kitabu. Muhtasari wa kununua au wa intaneti unafaa kwa kukumbusha, lakini hauna maneno ya wahusika, na maswali ya dondoo yanaishi kwenye maneno ya wahusika.

Insha ya fasihi ya alama 20 nayo ina mtego wake: swali linatoa kauli na kumwomba mwanafunzi aithibitishe. Kila aya ianze na sentensi inayorudisha wazo la kauli ile kwa pembe mpya. Aya nne zenye hoja nne zilizoelezwa zinashinda aya saba za juujuu. Kabla ya kuandika, atumie dakika tano kuandika hoja hizo nne kwenye karatasi ya rasimu, kila moja na tukio lake. Hoja mbili zikitumia tukio moja, hiyo ni hoja moja.

Sasa shairi, maana hapo wengi wanaogopa bure. Nimeandika beti hili fupi kwa ajili ya mfano:

*The river signed its name across our floor,*
*then left, and took the table and the door.*
*My mother swept the signature away*
*and lit the lamp again that very day.*

Kosa la kwanza ni kukimbilia maana iliyofichika kabla ya ile iliyo wazi. Mwanafunzi anaandika shairi linahusu "life" au "hope" wakati hajasema nani anazungumza, wapi, na kumetokea nini. Hatua ziwe hizi: nani anazungumza? Mtoto wa nyumba hiyo, kwa ushahidi wa "our floor" na "My mother". Hatujaambiwa ni wa kiume au wa kike, kwa hiyo aandike "the speaker" na asiandike "the poet", kwa sababu mshairi na anayezungumza ndani ya shairi ni watu wawili. Kumetokea nini? Mafuriko, mto umeingia ndani, umeondoka na vitu. Yote hayo hayana fumbo.

Baada ya hapo ndipo aulize: mto unaandikaje jina? Ni tashihisi, mto umepewa tendo la mtu. Athari yake? Kuweka saini ni kudai umiliki, kana kwamba mto umeichukua nyumba. Kwa hiyo "the signature" ya mstari wa tatu ni tope na alama za maji, na mama anapoifagia anakataa dai hilo. Mwanafunzi aliyeruka hatua za mwanzo hawezi kufika hapa, atabaki anasema mama anafagia karatasi.

Swali la mtazamo: *What is the speaker's attitude towards the mother?* Jibu: *Admiring: the speaker stresses that she lit the lamp "that very day".* Toni na mtazamo vinahitaji neno moja mahususi, kisha ushahidi. "Positive" ni pana mno.

Vina: aabb, yaani mistari miwili ya kwanza ina kina kimoja na miwili ya mwisho ina kingine. Asiishie kutaja herufi, aseme ni vya mpangilio, na kama swali linataka athari, aeleze kwamba mpangilio huo nadhifu unaendana na mama anayeirudisha nyumba katika hali yake. Takriri ya konsonanti ihesabiwe kwa sikio. "Lit" na "lamp" zinagongana kwa sauti ya l mwanzoni. Lakini "city" na "cat" zinaanza kwa herufi moja na hazifanani hata kidogo kwa sauti. Wasome mashairi kwa sauti wakiwa mazoezini, angalau mara mbili, na wasimame penye alama za uakifishi, wasisimame mwisho wa kila mstari. Nusu ya ugumu wa shairi unatokana na kusoma mstari kama sentensi iliyokamilika.

mlezi_kidato aliandika:

Mwalimu, hilo la kufuta tendo ambalo mwenye sifa kinyume angeweza kulifanya nimelijaribu leo na limeeleweka mara moja. Imebaki msamiati. Wakiulizwa maana ya neno kama lilivyotumika kwenye kifungu, wanatoa maana ya kamusi ambayo haihusiani. Tena mwingine aliandika "to refuse" kwa neno "reluctant".

msomaji_tuli alijibu:

"To refuse" imekosa mara mbili: "reluctant" ni kivumishi, naye amejibu kwa kitenzi, tena mtu anaweza kuwa "reluctant" na bado akafanya jambo lenyewe. "Unwilling" ingetosha.

Kipimo ni kubadilisha. Neno lako jipya liweke kwenye sentensi ya kifungu mahali pa lile la zamani, usiguse kitu kingine, kisha isome yote. Kama sarufi inakataa, umekosea aina ya neno au wakati wake: "hastened" haijibiwi kwa "hurry", inajibiwa kwa "hurried". Kama sarufi inakubali lakini sentensi imebadilika maana, umechukua maana isiyo ya hapo. Neno "fine" kwenye "a fine of two weeks' wages" na kwenye "fine sand" yanahitaji majibu tofauti kabisa, "penalty" na "powdery", na sentensi ndiyo inayoamua.

Kwa neno asilolijua kabisa, asiache wazi. Aangalie sentensi moja kabla na moja baada, atafute dalili: kuna "but" au "although" inayoonyesha kinyume? Kuna mfano unaofuata? Neno lina mzizi anaoujua, kama "sleep" ndani ya "sleepless"? Hapo anaweza kubahatisha kwa akili.

Daftari la msamiati nalo liandikwe kwa sentensi. Kila neno jipya liingie na sentensi nzima ya kifungu lilikotoka, na chini yake sentensi hiyo hiyo ikiwa na neno mbadala. Maneno matano kwa kifungu yanatosha, yachaguliwe yale yanayoweza kutokea kwenye kifungu kingine. Majina ya mimea na vyombo adimu yaachwe. Siku ya marudio, afunike mstari wa chini, asome wa juu, na aandike mbadala upya kwa mkono.

Na mara moja kwa mwezi wageuze kazi: mpe kila mmoja kifungu kisicho na maswali, atunge matano, moja la kila aina, aandike na mwongozo wa usahihishaji wenye alama, kisha abadilishane na mwenzake. Wabishane juu ya majibu wenyewe kabla hujaingilia. Swali likiwa na majibu mawili yanayokubalika, mtungaji alirekebishe mpaka libaki na moja.